Tulipokwenda Kula Krismasi Marangu

Kila mwaka ikifika wiki ya tatu ya Desemba, Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, Dar es Salaam, hujaa mizigo ya aina yake. Utaona mabegi ya nguo mpya za watoto, madumu ya mafuta ya kula, mifuko ya mchele, mablanketi, hata sufuria kubwa za kupikia shughuli. Ukiuliza mizigo inakwenda wapi, wengi watakujibu neno moja tu: "Nyumbani." Kwa watu wa Kilimanjaro, nyumbani si pale mtu alipopanga wala alipojenga mjini. Nyumbani ni kule kwenye kihamba, ambako babu na bibi wamezikwa katikati ya migomba.

Nasi tulikuwa katika msafara huo Desemba ya mwaka 2023. Tunaposema "sisi" tuna maana ya wake watatu walioolewa katika nyumba moja huko Marangu. Mmoja ni mwalimu, Mpare wa Usangi. Wa pili ni mwandishi wa makala haya, muuguzi, mzaliwa wa Njombe. Wa tatu ni mwenyeji wa Kilema, mke wa kitinda mimba, ndiye anayeishi pale nyumbani na kumtunza mama mkwe wetu. Wawili tunakaa Dar es Salaam. Mwaka ule tulikabidhiwa kazi ya kuandaa sherehe ya Krismasi ya ukoo mzima, na tungependa kuwasimulia tuliyojifunza.

Matayarisho yalianza Oktoba

Sherehe nyingi huharibika kwa sababu mama mmoja hubeba kila kitu kichwani mwake. Siku ikifika, wageni wanakula na kucheka, yeye yuko jikoni na moshi machoni, hana hata nafasi ya kusalimiana na mtu. Jioni analala akiwa amenuna. Sisi tuliamua yasitupate hayo. Mwezi Oktoba tulizungumza kwa simu mara tatu, tukaandika kila jambo katika daftari moja.

Kwanza tulihesabu watu: 60, watoto wakiwemo. Halafu tukahesabu chakula: mbuzi watatu, mchele kilo 10, mikungu sita ya ndizi, maharage kilo 4, kabichi, karoti, nyanya, vitunguu na kreti nne za soda. Ndizi, maharage na mboga zingetoka shambani. Mchele na mafuta tungetoka navyo Dar es Salaam. Mbuzi wangenunuliwa mapema, kwa sababu wiki ya Krismasi bei ya mbuzi Kilimanjaro hupanda kila siku.

Tukaandika pia sheria moja: hakuna kukopa. Mama mwenye watoto wa shule anaijua Januari. Kuna sare, madaftari, viatu na ada. Si busara kula mbuzi tarehe 26 Desemba, kisha mtoto akarudishwa nyumbani kwa kukosa ada wiki mbili baadaye. Tulichangia kila mmoja kwa uwezo wake, fedha tukatumiana kwa simu, na kila shilingi ikaandikwa.

Katika lile daftari kulikuwa na jambo moja ambalo hatukuliandika. Katika wale watu 60 hatukuihesabu familia ya kaka mkubwa.

Safari

Tuliondoka alfajiri ya Jumatano, tarehe 20. Kutoka Dar es Salaam mpaka Moshi ni kilomita 560 hivi, na basi hutumia karibu siku nzima. Ukipita Chalinze na Segera unaiona nchi ya mkonge karibu na Korogwe. Kuanzia Mombo milima ya Usambara inasimama upande wa kulia kama ukuta, na baada yake milima ya Upare. Upande wa kushoto ni tambarare kavu, yenye miti ya miiba na mbuzi wengi. Mwenzetu wa Usangi alikaa dirishani akiitazama milima yao bila kusema neno, mpaka tulipoipita Mwanga.

Tulishuka Himo, njia panda ya kwenda Marangu. Hapo ndipo safari inapobadilika. Himo kuna joto na vumbi, lakini gari likianza kupanda, kila baada ya kilomita chache hewa inakuwa baridi zaidi na majani yanazidi kuwa ya kijani. Mwaka ule mvua za El Niño zilikuwa zimenyesha kwa wingi, na maji yalikuwa yakiimba kwenye mifereji. Mifereji hiyo ilichimbwa na wazee wa zamani kwa mikono, ikiyatoa maji kwenye mito ya mlimani na kuyapeleka mashambani.

Msomaji ambaye hajafika Marangu aelewe kihamba ni nini. Si shamba lililo mbali na nyumba. Ni nyumba iliyo ndani ya shamba. Juu kuna miti mirefu, chini yake migomba, chini ya migomba kuna kahawa, na chini kabisa maharage, magimbi na mboga. Ng'ombe hukaa zizini, na akina mama ndio wanaowaletea majani. Kihamba kimoja kinapakana na kingine, na mpaka wake si seng'enge wala ukuta. Mpaka ni mstari wa masale, ule mmea wa majani marefu ya kijani usiokauka hata wakati wa kiangazi.

Tulipofika, mama mkwe alitupokea mlangoni. Ana miaka zaidi ya 80. Wajukuu walimsalimu "Shikamoo Bibi" mmoja mmoja, naye akawashika vichwa. Jioni ile, baada ya mtori na maziwa, tulimsomea lile daftari letu tukitarajia sifa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wanangu, mmehesabu vizuri. Lakini mimi siwezi kula nyama huku mtoto wangu wa kwanza anasikia harufu yake ng'ambo ya masale." Akaenda kulala.

Ng'ambo ya masale

Kaka mkubwa, yaani shemeji yetu, anaishi kihamba cha pili, hatua kama 80 kutoka kwa mama yake. Miaka minne kabla ya safari hii, kitinda mimba alipokuwa akichimba msingi wa nyumba mpya aling'oa masale yaliyokuwa mpakani. Yeye alisema yalikuwa yamesogea. Kaka yake alisema yalipandwa na baba yao mwenyewe. Maneno yalikuwa makali, na tangu siku ile hawakusalimiana. Wake waliwafuata waume zao, na watoto waliwafuata mama zao. Ardhi ya mlimani ni ndogo na watu ni wengi, kwa hiyo hata upana wa hatua moja unaweza kutenganisha waliozaliwa tumbo moja.

Sisi wa Dar es Salaam tulikuwa tumezoea kunyamaza. Tulijiambia kwamba hayo ni mambo ya wanaume, na mambo ya ardhi. Ukweli ni kwamba tuliogopa.

Kesho yake asubuhi tulipata njia. Muuguzi husafiri na kipimo cha shinikizo la damu, na kila Krismasi huwa tunawapima wazee wa pale nyumbani. Tukasema, kwa nini tusiwapime na wale wa ng'ambo? Muuguzi hafungiwi mlango. Tukavuka wote watatu. Mke wa kitinda mimba alitetemeka mikono, kwa kuwa hakuwa amekanyaga pale kwa miaka minne.

Mke wa kaka mkubwa alitukaribisha bila maneno mengi, akatutolea viti. Tulipompima tulikuta 178 kwa 104. Tukarudia baada ya dakika chache za kupumzika, ikawa karibu ile ile. Kumbe alikuwa ameandikiwa vidonge zamani. Vilipokwisha akajiona mzima, akaacha. Tulimweleza tunachowaeleza akina mama wote: shinikizo la damu haliumi mpaka siku linapokuangusha, na dawa zake haziachwi kwa sababu mtu anajisikia vizuri. Alikubali kwenda hospitali kesho yake asubuhi, na kweli alikwenda.

Hatusemi kwamba ugomvi ndio uliomletea ugonjwa. Lakini tulipokuwa tunakunja kipimo alisema jambo ambalo hatutalisahau. "Siku za Krismasi huwa napika sufuria ndogo. Watoto wananiuliza mbona wenzao wanacheka kule na sisi tumefunga mlango. Sina la kuwajibu." Mke wa kitinda mimba alianza kulia, naye akalia. Sisi wawili tulikaa kimya.

Jani moja la sale

Hapa ni lazima tueleze mila moja ya Kichagga, hasa kwa wasomaji wa mikoa mingine. Sale si mmea wa mpaka tu. Ndilo pia jani la msamaha. Mtu aliyekosa humpelekea jani la sale yule aliyemkosea, mara nyingi akiandamana na mzee wa kumwombea. Anayeletewa sale huona vigumu sana kulikataa, kwa kuwa kulikataa ni kukataa amani mbele ya ukoo mzima. Mmea uleule unaotenganisha vihamba ndio unaowarudisha watu pamoja.

Usiku ule mke wa kitinda mimba alizungumza na mumewe. Waliyosemezana ni yao. Tunachojua ni kwamba asubuhi ya tarehe 22 tulimwona shemeji amesimama mpakani na panga, akakata jani moja la sale, akaenda kumwita baba yao mdogo. Mama mkwe alikuwa ameketi kibarazani. Hakusema kitu, ila alivua kilemba akakifunga upya, kama mtu anayejiandaa kwenda kanisani.

Walivuka wawili, na sisi wanawake tukafuata nyuma. Baba mdogo alisema maneno machache kwa Kichagga. Kaka mkubwa alilitazama lile jani kwa muda mrefu. Tulisikia kuku tu. Kisha akalipokea kwa mikono miwili, akasema, "Masale ya baba yarudi." Mdogo wake akajibu, "Yatarudi."

Tusiwadanganye, wapendwa. Shauri la mpaka halikwisha siku ile. Jumamosi tarehe 23 masale yalipandwa upya kwa muda mbele ya wazee na majirani, lakini mpaka wenyewe ulipimwa na kuandikwa Februari, mbele ya wazee wa ukoo na viongozi wa kijiji. Kitinda mimba alipoteza hatua moja na nusu ya ardhi. Hakufurahi. Lakini alisalimiwa na kaka yake, na sala ya jioni ilisaliwa na nyumba zote mbili.

Siku ya sherehe

Krismasi yenyewe ilikuwa Jumatatu. Kanisa lilijaa mpaka nje. Baada ya ibada ulifanyika mnada, kama ilivyo desturi katika sharika nyingi za huko. Mikungu ya ndizi, kuku, mayai na maziwa yaliyotolewa sadaka huuzwa pale uwanjani, na fedha huingia kanisani. Mwenzetu mwalimu alinunua jogoo kwa bei ya mbuzi, kwa furaha tu, na mumewe hajaacha kumtania.

Sherehe ilikuwa tarehe 26. Daftari letu lilipaswa kubadilishwa, maana watu 60 walikuwa sasa 74. Mchele haukutosha. Tuliokolewa na ndizi. Mke wa kaka mkubwa alikuja na sufuria kubwa ya kiburu, yaani ndizi na maharage vilivyopikwa pamoja na kupondwa, akaiweka katikati ya sufuria zetu kana kwamba mahali pale pamekuwa pake siku zote.

Mbuzi wawili walipikwa na ndizi, na mmoja alichomwa mzima akawa ndafu. Nyama ya Wachagga haigawanywi ovyo. Kila ndugu ana fungu lake kwa nafasi yake katika ukoo. Baba mdogo alipolitaja fungu la kaka mkubwa, alinyanyuka mwenyewe akalipokea. Kwa miaka minne fungu lile lilikuwa halina mwenyewe. Tulimtazama mama mkwe. Alikuwa anakula.

Mambo tunayowaachia

Kabla ya kumaliza, tungependa kuwapa akina mama mambo machache ya kazi, kutoka kwenye daftari letu na kutoka kwenye taaluma yetu ya uuguzi.

1. Mnyama akaguliwe na afisa mifugo kabla ya kuchinjwa na baada ya kuchinjwa. Mnyama mgonjwa au aliyekufa ghafla asiliwe kabisa, hata kama ni hasara. Ugonjwa wa kimeta umewahi kutokea Kilimanjaro, nao unaua mifugo na watu. Usiamini kwamba kupika sana kutaondoa hatari hiyo.

2. Nyama iive mpaka ndani. Hii inahusu pia supu ya kisusio, ambayo huwekwa damu, na ndafu, ambayo nje huonekana imeiva kabla ya ndani. Kisu na kibao cha nyama mbichi kisitumike kukatia kachumbari.

3. Weka ndoo yenye bomba na sabuni karibu na mahali pa kulia. Beseni moja la kunawia watu wote linahamisha uchafu kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

4. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kinachobaki kipozwe, kifunikwe, kisha kichemshwe upya kabla ya kuliwa.

5. Wakumbuke wagonjwa wa kisukari na wa shinikizo la damu. Toa sehemu ya mchuzi kabla ya kuongeza chumvi. Maji safi yawepo mezani kando ya soda.

6. Usiku wa mlimani una baridi, na wageni wa mjini hupenda kuingiza jiko la mkaa chumbani. Usiruhusu. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu hufa wakiwa usingizini. Toa blanketi la ziada.

7. Mbege ni kinywaji cha heshima kwa wazee wa huko, lakini ni pombe. Watoto, akina mama wajawazito na wenye kuendesha magari wasipewe.

8. Gawa kazi kwa majina. Aliyepika asioshe vyombo. Hata wanaume na vijana wapewe zamu, na wasomewe zamu zao mbele ya watu. Kwetu vijana wa kiume waliosha sufuria zote, na hakuna aliyepungukiwa.

9. Kabla ya kuhesabu mchele, hesabu watu. Na ukihesabu watu, jiulize ni nani ambaye hukumwandika, na kwa nini.

Jambo hili la mwisho ndilo tuliloshindwa kulifanya mwezi Oktoba, pamoja na umakini wetu wote. Tulipanga kreti za soda, viti na turubai la mvua, tukamwacha ndugu yetu aliye hatua 80 kutoka kwenye meko yetu. Mama mzee asiyejua kusoma daftari ndiye aliyeona kosa la hesabu.

Tulirudi Dar es Salaam tarehe 2 Januari, kila mmoja na mkungu wake wa ndizi. Himo tulisimama tukageuka kuutazama mlima. Mawingu yalikuwa yamefunguka kidogo na Kibo ilikuwa inaonekana na theluji yake. Simu ikalia. Alikuwa mke wa kaka mkubwa. Alitaka kutuambia amepimwa tena asubuhi ile na kipimo kimeshuka, na kwamba yuko kwa mama, wanaosha sufuria za kuazima ili zirudishwe kwa wenyewe.

Mama mpendwa, Krismasi inakuja kila mwaka, na pengine mwaka huu zamu ni yako. Andaa vizuri, pika vizuri, wala usijiumize kwa ajili ya kuonekana. Lakini kama kuna nyumba ambayo moshi wako huifikia na mwaliko wako hauifikii, anzia hapo. Mungu akubariki wewe na nyumba yako.